Mkono Uliokuwa Kwenye Swichi

Hapana, hakuteleza. Nimesema hakuteleza na nitasema hivyo mpaka mnichoke. Mwezi uliopita nilikuwa harusini Mombo, nimekaa na sahani yangu ya pilau, nikamsikia mwanamume mmoja nyuma yangu anawachekesha wenzake. "Mnamjua fundi Zefania wa kule juu? Yule aliyeangushwa na globu? Fundi umeme mzima, akapanda meza, meza ikamshinda!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Nikaweka sahani chini, nikageuka, nikamwuliza: ulikuwepo? Akasema kila mtu anajua. Nikamwuliza tena: ulikuwepo? Basi mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni, hatua tatu kutoka kwenye hiyo meza. Ilikuwa meza ya mbao ya mkulo, na hata leo nikipita mahali wanapopasua mkulo, ile harufu yake kali kama ya dawa ya kuchua kifua ikinipanda puani, naiona miguu mitupu ya Mjomba Zefania juu ya meza, naiona swichi ukutani, na naona mkono uliokuwa juu ya swichi. Yule bwana alirudi kwenye pilau yake kama vile hatukuzungumza. Mimi sikuwa nimemaliza.

Nyumba ilikuwa ya Bibi yangu, mama yake baba, kwenye mteremko upande wa Kwai, milimani Usambara. Wazazi wangu walikuwa Korogwe wakifanya kazi ya mkonge, mimi nikaachwa kwa Bibi pamoja na shangazi yangu Naomi, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Zamani pale palikuwa shamba la Mzungu la ng'ombe wa maziwa. Mzungu akaondoka, shamba likawa la kijiji cha ujamaa, na pamoja na ng'ombe na mashine ya kupozea maziwa tukarithi mtambo wake mdogo wa umeme uliokuwa bondeni, unaozungushwa na maji ya mto. Mtambo ule ulitosha banda la maziwa, ofisi ya kijiji na nyumba chache za karibu. Ya Bibi ilikuwa mojawapo kwa sababu marehemu Babu alikuwa msimamizi wa wakamuaji. Kwa hiyo majirani wakiwa na koroboi zao, sisi tulikuwa na globu. Moja tu, sebuleni, inaning'inia juu ya meza ya Babu. Mvua ikinyesha sana mto unajaa, mtambo unakimbia, na globu inawaka nyeupe mpaka macho yanauma. Kiangazi inakuwa nyekundu kama kaa linalotaka kuzimika, na unaweza kuitazama bila kupepesa.

Bibi aliuwekea umeme sheria zake, na sheria hizo zilishikwa nyumbani kwetu kuliko zile za kanisani. Mkono wenye maji ulikatazwa kugusa swichi. Hapo alikuwa sahihi kabisa, ingawa sababu yake ilikuwa kwamba maji yatauzima moto ulioko ndani ya ukuta. Radi ikipiga, hakuna kuzungumza chini ya globu. Kupiga mluzi sebuleni hakuna, radi iwepo isiwepo. Na swichi iliguswa na yeye peke yake, kama vile yeye peke yake alivyokuwa na funguo ya ghala ya mahindi. Mgeni wa heshima akija, hata iwe saa sita mchana, Bibi alianza kwa kumwashia taa. Usidhani ilikuwa majivuno. Kwetu ukungu unaingia mchana, madirisha ni ya mbao na yanafungwa kwa sababu ya baridi, sebule inakuwa kama ndani ya gunia. Kumwacha mgeni gizani ilikuwa ni kumtukana. Taa kwanza, shikamoo na marahaba, chai baadaye.

Sasa hiyo globu ilivunjika vipi? Bibi alikuwa amekulia kwenye taa ya chemli, na kioo cha chemli kinaoshwa kwa majivu kila Jumamosi. Basi na globu ikaoshwa kila Jumamosi. Alifunga kitambaa kwenye ncha ya fito, akakichovya kwenye maji ya majivu, akaisugua globu kutoka chini huku inawaka, ili auone uchafu vizuri. Kwa miezi mingi globu ilivumilia, labda kwa sababu ilikuwa kiangazi na haikuwa ya moto sana. Mvua zikaanza, mtambo ukakimbia, Jumamosi ikafika. Pwaa! Kioo kikamwagika juu ya meza, na kile kitako cha shaba kikabaki juu ndani ya holda. Bibi alishusha fito akasema, "Ilikuwa mbovu tangu mwanzo." Tukafagia. Duka la kijiji halikuwa na globu, halikuwa na sabuni, lilikuwa na viberiti na daftari. Tukarudi kwenye koroboi pamoja na majirani, na baadhi yao hawakuficha furaha.

Ubaya ni kwamba giza lilituingilia wakati wa posa. Zefania alikuwa fundi umeme kwenye mashine za mbao huko Shume, na alikuwa amemposa Shangazi Naomi. Shangazi alimtaka, tena alimtaka waziwazi mpaka tukaona aibu kwa niaba yake. Bibi alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, kwa sababu neno la mwisho lilikuwa la kaka yake, Babu Yona. Kwetu binti haolewi bila kauli ya mjomba wake, na Babu Yona alikuwa mjomba wa kwelikweli, mwenye ng'ombe, sauti nzito na koti refu lililobaki kutoka kwa Mzungu. Yeye hakukubali kwamba umeme ni kazi. "Mume wa Naomi awe na ng'ombe," alisema. "Nyaya hazikamuliwi." Shangazi akamjibu kutoka jikoni kwamba mashine inayopoza maziwa yake inazungushwa na hizo nyaya, na Babu Yona akamwuliza Bibi kama mtoto huyu alifundishwa adabu au alifundishwa redio. Mwishowe Bibi akatoa shauri: kijana aje abadilishe hiyo globu, kaka yake aone kwa macho. Akiweza, wazee wa pande mbili wakae Jumapili. Asipoweza, yaishe.

Zefania alikuja siku ya Jumamosi, ametembea kwa miguu kutoka Shume kwenye matope. Globu aliipata kwa mtu wa Tanga aliyemletea mpaka Mombo, akaipandisha mlima ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojaa pumba. Alilifungua mbele yetu taratibu, akaipuliza pumba, na mimi niliona ni yai la ndege ambaye hayuko Usambara. Alikuwa na koleo lenye mpini uliofungwa mpira, bisibisi, na buti za mpira nyeusi zilizomfika magotini. Kwanza aliteremka bondeni kuomba mtambo uzimwe kidogo. Wakakataa. Maziwa ya asubuhi yalikuwa kwenye mashine ya kupozea, yangeharibika, na yalikuwa maziwa ya kijiji kizima. Akasema basi, atazima swichi ya ukutani na kuwa mwangalifu. Akarudi, akasimama mlangoni, akaanza kuvua buti. Shangazi Naomi akamwambia kwa sauti ya chini, "Vaa buti zako. Si wewe uliyeniambia mpira ndio unaozuia?"

"Meza ya mzee siikanyagi na viatu, Naomi."

"Mzee amekufa."

"Ndiyo maana."

Shangazi alibinua mdomo akaenda kuchemsha chai. Zefania akazima swichi kwa mkono wake mwenyewe, akaniita. Lazima muelewe kwamba mwanamume anayeposa kwetu wakati ule hakumtazama mama mkwe usoni, na hakuweza kumwambia fanya hivi au usifanye vile. Maneno yalipitia kwa mtoto, na mtoto wa nyumba ile nilikuwa mimi. Akachuchumaa tukawa sawa kwa kimo. "Foibe, hii swichi nimeizima. Nenda kamwambie mama na mzee kwamba isiguswe mpaka nishuke mezani. Umesikia? Rudia." Nikarudia, neno kwa neno. Akanisukuma begani kwa kidole, nikakimbia.

Bibi na Babu Yona walikuwa jikoni, jiko letu lilikuwa nje, wamekaa pande mbili za moto. Nikapiga magoti. "Shikamoo Babu." "Marahaba." Na hapo wakaendelea na mazungumzo yao. Walikuwa wanamzungumzia mtamba mmoja aliyekuwa anakataa majani ya matete, kama ni ugonjwa au ni kiburi. Mtoto wa kwetu hakatizi maneno ya wazee. Anangoja, wakimaliza wanamwuliza, ndipo anasema. Nikangoja. Moshi ukanijia machoni, nikangoja. Babu Yona akaeleza ukoo mzima wa yule mtamba, mama yake na bibi yake, wote walikuwa na kiburi. Nilikuwa nimeushika ule ujumbe kinywani kama mtu aliyetia kiazi cha moto mdomoni na anaona aibu kukitema. Ghafla Bibi akainuka. "Tumekaa tu hapa," akasema, "na mkwe yuko gizani peke yake. Globu atakuwa ameshaiweka." Akanipita. Nikasema, "Bibi." Akasema, "Subiri." Nikasubiri. Mimi, ambaye leo watu wa Lushoto wananikimbia kwa maneno, siku ile niliambiwa subiri nikasubiri.

Nilimfuata nyuma yake, na Babu Yona nyuma yangu. Zefania alikuwa juu ya meza, kichwa kimegusa dari. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya holda, anakichokoa kile kitako cha shaba kwa bisibisi kwa sababu koleo halikuingia, na mkono wa pili ameshika bati la paa pale dari ilipokuwa na pengo. Bati lilikuwa limelowa ukungu. Bibi alifika mlangoni, akavuta khanga yake kichwani, akainamisha macho sakafuni. Heshima ni ya pande mbili: kama mkwe hamtazami mama mkwe, na mama mkwe hamtazami mkwe. Kwa hiyo hakuona bisibisi, hakuona holda, hakuona chochote isipokuwa ubao wa sakafu na kivuli cha mtu aliyeachwa gizani nyumbani kwake. Akasema, "Karibu, baba." Akanyoosha mkono ukutani na kumwashia mgeni wake taa.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu amechana shuka. Zefania akatetemeka mara moja, bisibisi ikaruka, na yeye mwenyewe akatoka mezani mgongo mbele, akatua ndani ya kapu la matunda damu ambalo Shangazi alikuwa amelifunga kwa ajili ya gari la Mombo. Yakapasuka yote. Majimaji mekundu yakaruka ukutani, yakamwingia nyweleni, yakaloanisha shati lote, na Babu Yona, mwanamume wa ng'ombe na sauti nzito, akapiga yowe kwamba ameuawa mtu na akashika nguzo ya mlango asianguke yeye. Shangazi akaja mbio na birika mkononi. Akaonja kidole. Ndipo alipoanza kulia, baada ya kujua si damu.

Zefania alikaa ndani ya kapu, ameshika kifundo cha mkono kilichokuwa kinavimba. Babu Yona alipopata sauti yake akaitumia yote. "Fundi gani anaangushwa na taa? Eti fundi! Globu haijawekwa hata, tayari yuko chini! Ukipewa nyumba ya watu si utaichoma?" Zefania akainua macho. Akaiona swichi, akauona mkono wa Bibi bado uko pale, na bangili yake ya shaba. Nilimwona anauona. Angesema neno moja tu, angekuwa amejisafisha. Akarudisha macho chini, pale yanapotakiwa kuwa mbele ya mama mkwe, akasema, "Nimeteleza, mzee. Miguu ilikuwa na maji." Mimi nikafungua mdomo. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikaufunga. Hiyo ilikuwa mara ya pili siku moja, na ndiyo ya mwisho maishani mwangu.

Jumapili wazee hawakukaa. Babu Yona alisema yameisha. Habari ikateremka mlimani pamoja na makopo ya maziwa, ikafika Mombo kabla ya Zefania kufika Shume, na huko Shume wenzake wakamwekea kapu tupu chini ya kila mahali alipopanda. Msimamizi wake, naye kwa sababu za usalama, akamwondoa kwenye nyaya akampa kazi ya kubeba mbao, kwa mkono mmoja uliokuwa mzima. Shangazi Naomi hakula. Akikaa, anasema, "Nilimwambia avae buti," akiinuka, anasema tena. Hata yeye aliamini kwamba aliteleza. Nyumba nzima tulikuwa wawili tu tuliojua, mimi na ukuta.

Siku ya nne asubuhi Bibi alikuwa anakamua na mimi nimeshika mkia wa ng'ombe. Akasema bila kugeuka, "Foibe, ile siku niliposhika swichi, kulikuwa na kitu." Haikuwa swali, lakini aliacha nafasi. Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, swichi, ujumbe, mtamba mwenye kiburi, subiri, yote. Maziwa yaliendelea kupiga ndoo, kulia kushoto, hayakusita hata mara moja. Alipomaliza akasema, "Aliponitazama mkono nilidhani anaangalia bangili." Akabeba ndoo mwenyewe mpaka bandani. Kwa kawaida niliibeba mimi.

Jumamosi iliyofuata aliwaita wote wawili. Babu Yona alikuja akidhani ni habari ya ng'ombe. Zefania alikuja akidhani anarudishiwa kopo lake na globu iliyokuwa bado ndani yake. Bibi alikuwa ameitandika meza ya Babu kwa gunia safi. Akachukua zile buti za mpira alizoziacha Zefania, akazipangusa matope kwa khanga yake, akaziweka juu ya meza, juu kabisa, pale Babu alipokuwa akila. Babu Yona akasema, "Dada!" Bibi akanigeukia. Akaniambia, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwambie avae." Nikasema, avae. Zefania akavaa. Kisha Bibi akavuta kigoda chake, akakiweka chini ya swichi, akaizima, akakaa ameegemeza kichwa ukutani pale pale, mikono yote miwili mapajani.

"Dada, unakaa chini ya miguu ya mkwe?" Babu Yona akauliza.

"Nakaa kwangu. Na wewe kaa, unamzibia mwanga."

Alikaa. Zefania akapanda. Safari hii alikitoa kile kitako kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akaisafisha holda, akaipachika globu, akaizungusha mpaka ikasema tik. Mkono bado ulikuwa umefungwa kitambaa. Bibi akauliza, na mara hii hakupitia kwangu, "Niwashe?" Zefania akashuka kwanza mpaka sakafuni. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, akamjibu moja kwa moja. "Washa, mama."

Ikawaka nyeupe, kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Babu Yona aliitazama mpaka macho yakamtoka machozi, akasema mwanga ni mkali mno. Wazee wa pande mbili walikaa wiki iliyofuata, na Shangazi Naomi akaolewa. Bibi hakumweleza kaka yake kilichotokea, si siku ile wala baadaye. Lakini mpaka alipokufa, kila aliyepanda kugusa ile globu alimkuta ameshakaa kwenye kigoda chini ya swichi, na kitambaa na fito ya majivu alivichoma yeye mwenyewe.

Sasa mimi nina miaka ishirini na tatu, na kazi yangu ni hiyo hiyo ya umeme. Sikusomea popote. Mjomba Zefania alinipa kitabu chake cha nyaya kilichochanika jalada, nikakisoma kwa miaka miwili, na yaliyokuwa kwenye kurasa zilizokosekana nilimwuliza yeye. Siku hizi nyaya zimefika kwenye nyumba nyingi za Lushoto. Watu wanapanda meza na viatu vyenye matope na kila mtu ana ruhusa ya kugusa swichi. Wiki iliyopita nilikuwa juu ya stuli kwa mtu, nimeshika holda, kijana wa nyumba akapita akaibonyeza swichi, tak, tak, anajaribu tu. Nilikuwa nimetoa fyuzi na kuitia mfukoni. Nilipomfokea, mama yake akanishangaa: mbona hukufa? Bibi alikosea kwa sababu alimheshimu mtu aliyekuwa juu ya meza. Huyu kijana hakujua hata kama kuna mtu.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda Shume kumwomba Mjomba ruhusa. Alikuwa anakula. Akasema, "Mama hayupo tena. Sema ukitaka, ila usimwite mjinga." Simwiti. Aliyekuwa na ujumbe kinywani ni mimi, na nimekaa nao miaka kumi na minne. Basi ujumbe ndio huo, mzee wa Mombo mwenye pilau. Siku ile ungekuwa wewe ndani ya kapu la matunda, mkono umevimba, mke anakuponyoka, na unauona mkono wa mama yake bado uko kwenye swichi, ungenyamaza?